Kutoa Hewa katika Breki za Gari la Chama

Katika vyama vya msingi vyenye pikapu, mara nyingi shughuli ya breki huachiwa dereva peke yake. Katibu huona stakabadhi ya mafuta ya breki, akaipitisha pamoja na ile ya petroli, na safari zikaendelea. Lakini mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yakipungua kidogo kwa miezi mingi, huenda ni pedi zinazolika. Chupa inaponunuliwa kila mwezi, basi yanavuja mahali fulani, na panapotoka mafuta huweza kuingia hewa.

Dalili yake ni kanyagio kuwa laini, likazama, na kushika tu baada ya kukanyagwa mara mbili au tatu. Mafuta hayashindiliki, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika magurudumuni. Hewa hushindilika, ikaimeza nguvu hiyo. Katika tambarare, gari tupu huweza kulificha jambo hili. Likisheheni mboga na kuteremka kutoka Soni kwenda Mombo, halitalificha.

Hapana budi uvujaji uzibwe kwanza, ndipo hewa itolewe. Kazi hii ni ya watu wawili. Gari likiinuliwa lisiachwe juu ya jeki pekee, bali liwekewe stendi imara, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe. Chombo cha mafuta kijazwe mafuta mapya ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya zamani huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Mengine yana utaratibu wake, nao hufuatwa. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani huvikwa kwenye nipeli, ncha ya pili ikizamishwa katika mafuta ndani ya chupa. Mmoja hukanyaga polepole na kushikilia. Mwenziwe hulegeza nipeli, mapovu yakatoka, kisha huikaza. Hapa ndipo wengi hukosea. Mguu usiinuliwe mpaka mwenye spana atamke, “Nimefunga.” Ukiinuliwa kabla, hewa hunyonywa tena na jasho lote limepotea. Hurudiwa hivyo hadi mapovu yaishe, chombo kikiongezwa mafuta kabla hakijakauka.

Mafuta yaliyotoka yasirudishwe, wala isitumike chupa iliyokaa wazi stoo tangu msimu uliopita, hata mweka hazina akinung’unika. Mafuta haya hunyonya unyevu. Kipimo cha DOT 3 hutaka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakiisha kunywa unyevu, kiwango huweza kushuka hadi 140, na mvuke hushindilika kama hewa. Oili ya injini isitiwe kamwe, kwani huharibu mipira ya breki.

Malori yenye breki za upepo hayahusiki hapa, na baadhi ya magari ya ABS huhitaji mashine ya fundi.

Kazi ikiisha, kanyagio liwe gumu, na gari lijaribiwe polepole uwanjani. Tarehe na kiasi cha mafuta viandikwe katika daftari la gari. Kanyagio likizama tena, ufunguo ubaki kwa katibu, hata kama mzigo unasubiri.