Gari kutoka Japani: Kagua namba ya chesisi kabla ya kulipa

Wafanyabiashara wa Rumonge wanaopeleka ndagala na mawese Bujumbura, pamoja na wasafirishaji wa barabara ya kuelekea Nyanza-Lac na mpaka wa Mugina na Manyovu, wengi wao hutumia magari yaliyokwisha kutumika Japani. Magari hayo hushushwa bandari ya Dar es Salaam, kisha huletwa Burundi kwa barabara. Bei, kilomita na rangi huulizwa. Kuna swali moja ambalo husahaulika: je, gari hili liliitwa na kiwanda kwa marekebisho, na marekebisho hayo yalifanyika?

Kuitwa gari ni nini?

Kiwanda kikigundua kasoro ya usalama, hutangaza aina za magari yenye kasoro hiyo na kubadilisha kifaa bila malipo. Barua hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Gari likifutiwa usajili Japani ili liuzwe nje, barua haimfikii mnunuzi wa Rumonge. Kasoro husafiri pamoja na gari.

Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi, iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Ndani yake mlikuwa na unga wa amoniamu naitreti, ambao huharibika ukikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Gari likigongwa, hata kidogo, kopo la chuma lenye unga huo huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa aliyeketi mbele. Marekani pekee watu zaidi ya 25 wamekufa hivyo. Mwezi Mei 2015 Toyota iliita karibu magari milioni 5 duniani, yakiwemo Corolla na Vitz. Honda na Nissan nazo ziliita mengi. Takata ilifilisika mwaka 2017.

Kwetu ufukweni mwa Tanganyika joto na unyevu vyote vipo, na gari hushinda juani likisubiri mzigo. Ukaguzi wa kawaida hutazama breki, taa na matairi. Hauwezi kuona unga ulioharibika ndani ya usukani, na taa ya onyo inaweza isiwake.

Hatua za kufuata

1. Chukua namba ya chesisi kwenye cheti cha kuuza gari nje, kadi ya gari au kibao cha bati. Namba za Japani huanza na herufi za modeli, kwa mfano NZE121 kwa Corolla, kisha kistari na tarakimu. Tovuti za Marekani zinazodai herufi na tarakimu 17 hazitakusaidia.

2. Kabla ya kutuma fedha, mwambie muuzaji aiingize namba hiyo kwenye tovuti ya kiwanda kule Japani na akutumie majibu. Gari likiwa bado Japani, kurekebishwa ni rahisi na ni bure. Tangu Mei 2018 Japani haipitishi kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko hatari ya Takata ambayo hayajarekebishwa. Yaliyotoka kabla ya hapo yachunguzwe zaidi.

3. Gari likiwa tayari mikononi mwako, wasiliana na wakala rasmi wa aina hiyo. Uliza kwanza kama anapokea magari yaliyoingizwa na watu binafsi, na omba jibu kwa maandishi.

4. Makanika wa kawaida asifungue eabegi. Hulipuka. Pia usinunue usukani wa mtumba wenye eabegi, kwani huenda umetolewa kwenye gari lililoitwa.

5. Kasoro ikiwa upande wa abiria, kiti cha mbele kibaki wazi hadi itengenezwe. Ikiwa upande wa dereva, gari lisimame.

Hifadhi karatasi ya marekebisho pamoja na kadi ya gari. Siku ukiuza, mnunuzi makini ataiulizia. Tahadhari kabla ya hatari.