Walenisi: Je, Makali Yake Yangalipo?

Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, iliyotolewa nchini Kenya mwaka 1995, ni miongoni mwa kazi chache za Kiswahili zinazokaribia bunilizi ya kisayansi, yaani masimulizi yanayojengwa juu ya mitambo na ulimwengu usiokuwapo. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumwangamiza, lakini anafika salama katika nchi isiyo na unyonyaji, na kwa kuilinganisha na alikotoka, maovu ya kwao yanaumbuliwa. Wapo wanaoona, na si bila sababu, kwamba safari ikishakwisha riwaya inageuka mhadhara, kwa kuwa wenyeji hufafanua mno na kutenda kidogo. Hata hivyo tashtiti yake, yaani dhihaka inayofichua uovu, haijachakaa, kwa kuwa inatoka kwa mtu aliyeuonja uovu huo: Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986. Kwa msomaji wa Misisi, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, ambako wachimbaji wadogo huchimba dhahabu kwa sururu na kuiosha kwa maji, chombo cha Dzombo huenda kikaonekana cha kitoto, ila swali la nani anakula jasho la nani lingali la leo; kinacholegea ni jibu, ambalo mwandishi analitoa kwa uhakika kupita kiasi.