Ubadilishaji wa kiungo cha bega baada ya jeraha

Ubadilishaji wa kiungo cha bega ni upasuaji ambao sehemu za mifupa zinazokutana begani huondolewa na mahali pake huwekwa kiungo bandia cha metali na plastiki. Wagonjwa wengi wanaofanyiwa upasuaji huu ni wale ambao gegedu la bega limelika kwa muda mrefu kutokana na uzee au baridi yabisi. Makala hii inahusu kundi lingine, yaani watu walioumia vibaya begani kwa kuanguka au kwa ajali. Kwao uamuzi ni mgumu zaidi, kwa sababu jana bega lilikuwa zima, na kwa sababu kichwa cha mfupa kikishaondolewa hakirudishwi tena.

Muundo wa bega

Bega lina mifupa mitatu: mfupa wa mkono wa juu, kombe la bega na mtulinga. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho huegemea kwenye kikombe kidogo cha kombe la bega. Kikombe hicho hakina kina kirefu. Kichwa hukaa juu yake kama chungwa lililowekwa kwenye kisahani. Ndiyo maana mkono unaweza kwenda pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, na ndiyo maana pia bega huteguka kwa urahisi.

Kinachozuia kichwa hicho kisiteleze ni hasa misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega. Kano zake hukizunguka kichwa kama kofia na kushikamana na vinundu viwili vya mfupa vilivyo kando yake. Juu yake upo msuli mkubwa wa deltoidi, ambao ndio unaolipa bega umbo lake la nje. Deltoidi huinua mkono, lakini misuli minne isipokishikilia kichwa mahali pake, deltoidi hukivuta kuelekea juu tu na mkono hauinuki ipasavyo. Neva inayoiamrisha deltoidi hupita karibu sana na shingo ya mfupa, kwa hiyo inaweza kuumia pamoja nao. Dalili mojawapo ni ganzi kwenye ngozi ya upande wa nje wa bega.

Majeraha yanayohusika

Charles Neer, daktari mpasuaji wa New York, alitoa mwaka 1970 mgawanyo wa mivunjiko ya sehemu ya juu ya mfupa wa mkono ambao bado unatumika. Aliangalia vipande vinne: kichwa, vinundu viwili, na mwili wa mfupa. Kadiri vipande vinavyoachana na kuhama, ndivyo kichwa kinavyokuwa katika hatari ya kukosa damu. Kichwa kisichopata damu kinaweza kufa na kubonyea miezi au hata miaka baada ya ajali, ingawa mfupa ulionekana umeunga.

Ubadilishaji wa kiungo huzungumzwa hasa katika hali zifuatazo:

- kichwa kimepasuka chenyewe, au kimevunjika na kuteguka kwa pamoja;
- mgonjwa ni mzee, mfupa wake umedhoofika na hauwezi kushika skrubu;
- mvunjiko ulitibiwa kwa njia nyingine lakini haukuunga, au kichwa kilikufa;
- gegedu limelika baada ya jeraha la zamani;
- bega liliteguka na kuachwa hivyo kwa muda mrefu.

Hali hiyo ya mwisho inahitaji uangalifu. Mtu aliyepatwa na kifafa au kupigwa na umeme anaweza kuteguka bega kuelekea nyuma. Eksirei ya kutoka mbele peke yake inaweza kuonekana kama ya bega zima, na mgonjwa akaambiwa ni maumivu ya misuli. Dalili kubwa ni kwamba mkono hauwezi kabisa kuzungushwa kwenda nje. Picha ya kutoka upande mwingine huonyesha tatizo. Likigunduliwa mapema, mara nyingi bega linaweza kurudishwa. Likiachwa miezi mingi, kichwa huharibika na kiungo bandia huweza kuwa njia pekee iliyobaki.

Je, ni lazima kufanyiwa upasuaji?

Si lazima kila mara. Mivunjiko mingi ya sehemu hii haijahama sana, nayo hupona kwa kuutegemeza mkono kwa kitambaa na kufanya mazoezi. Hata pale vipande vilipohama, faida ya upasuaji si ya hakika. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2015 ulilinganisha wagonjwa 250 wenye mivunjiko iliyohama; baada ya miaka miwili haukuonekana tofauti kubwa kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Hata hivyo, wengi wa waliopasuliwa katika utafiti huo waliwekewa mabamba na skrubu, si kiungo bandia. Utafiti wa Norwei wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 124 wa miaka 65 hadi 85, ulionyesha kwamba waliowekewa kiungo bandia kilichogeuzwa walitumia mkono vizuri zaidi baada ya miaka miwili kuliko waliowekewa bamba.

Kwa kawaida upasuaji wa mvunjiko huu si wa saa ileile. Unaweza kusubiri siku kadhaa ili picha zaidi zipigwe na mgonjwa apate kueleweshwa. Tena mzee anaweza kuanza na tiba isiyo ya upasuaji, na bega lisipokuwa na nafuu akawekewa kiungo bandia baadaye. Kinachotakiwa kufanywa haraka ni kurudisha bega lililoteguka, kutibu kidonda kinachoonyesha mfupa, na kuchunguza mkono ulio baridi, mweupe au usio na hisia.

Historia

Kiungo bandia cha kwanza cha bega kinachojulikana kiliwekwa Paris mwaka 1893 na daktari Jules-Émile Péan. Mgonjwa alikuwa mwoka mikate kijana ambaye bega lake lilikuwa limeharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Kiungo hicho cha platini na mpira mgumu kilimsaidia kwa muda, lakini kiliondolewa baada ya miaka miwili hivi kwa sababu maambukizi yalirudi.

Katika miaka ya 1950 Neer alitengeneza kichwa cha metali hasa kwa ajili ya watu waliovunjika begani, akatoa taarifa ya wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1955. Baadaye kikombe cha plastiki kiliongezwa. Mwaka 1985 Paul Grammont wa Dijon, Ufaransa, alileta wazo la kukigeuza kiungo.

Aina za viungo bandia

Nusu kiungo: kichwa peke yake hubadilishwa, na kikombe cha asili huachwa. Mafanikio yake hutegemea vinundu kuunga vizuri mahali pake pamoja na kano zake, jambo ambalo kwa wazee mara nyingi halitokei.

Kiungo kamili cha kawaida: kichwa huwa cha metali na kikombe huwa cha plastiki. Huhitaji misuli ile minne iwe mizima, kwa hiyo kinafaa zaidi gegedu lililolika kuliko mvunjiko mpya.

Kiungo kilichogeuzwa: tufe la metali hufungwa kwenye kombe la bega, na kikombe huwekwa juu ya mfupa wa mkono. Kwa mpango huu mahali pa mzunguko husogea ndani na chini, na deltoidi hupata nguvu ya kuinua mkono hata kama misuli minne imechanika. Ndiyo aina inayotumika zaidi siku hizi kwa wazee waliovunjika vibaya. Sharti lake ni deltoidi na neva yake viwe vinafanya kazi.

Kwa kijana au mtu wa makamo, madaktari hujitahidi kwanza kuokoa mfupa wake kwa bamba na skrubu. Kiungo bandia huchakaa na kulegea, na kazi ya kukibadilisha mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Upasuaji na hatari zake

Mgonjwa hupewa nusukaputi, na mara nyingi pia sindano ya ganzi shingoni inayopunguza maumivu ya saa za mwanzo. Hulazwa nusu ameketi. Daktari hupasua upande wa mbele wa bega, hupita kati ya misuli, huondoa kichwa kilichovunjika, kisha huingiza mpini wa metali ndani ya mfupa, kwa saruji ya mifupa au bila hiyo. Vinundu hufungwa kwa nyuzi kuzunguka mpini huo.

Hatari zake ni maambukizi, kuteguka kwa kiungo kipya, kuumia kwa neva, kuvunjika kwa mfupa unaozunguka metali na kulegea kwa kiungo. Maambukizi ya bega huweza kuwa ya kimyakimya: bakteria wa kawaida wa ngozi huweza kukaa muda mrefu bila homa wala usaha, wakileta maumivu na ukakamavu tu. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari hiyo.

Baada ya upasuaji

Mkono hutegemezwa kwa kitambaa kwa muda wa wiki 4 hadi 6 hivi. Vidole, kifundo na kiwiko huanza kukunjwa mapema. Bega lenyewe kwanza husogezwa na mtaalamu wa fiziotherapia au kwa msaada wa mkono mzima, kisha mgonjwa huanza kuliinua mwenyewe. Mazoezi ya nguvu hufuata baada ya miezi 3 hivi. Katika wiki za mwanzo haruhusiwi kujisukuma kutoka kitini kwa mkono huo wala kuupeleka mgongoni, kwa mfano kuchomekea shati, kwa sababu kiungo kinaweza kuteguka. Nafuu huendelea kuongezeka hadi mwaka mmoja au zaidi.

Matarajio

Viungo bandia vya bega hudumu: takriban 9 kati ya 10 huwa bado vipo mahali pake baada ya miaka 10. Lakini takwimu hiyo inajumuisha wagonjwa wa kila aina, na matokeo baada ya jeraha kwa kawaida huwa duni kuliko baada ya gegedu kulika. Faida iliyo ya hakika zaidi ni kupungua kwa maumivu. Wengi huweza tena kula, kuvaa, kuoga na kuchana nywele kwa mkono huo. Kufikia mgongoni na kuzungusha mkono kwenda nje mara nyingi hubaki na upungufu, na kazi za kubeba mizigo mizito au kupiga jembe huenda zisiwezekane kama zamani. Mtu anayeishi kwa kazi ya mikono anapaswa kulijua hilo kabla ya kutia sahihi ya kukubali upasuaji, kwa kuwa kiungo kipya hakirudishi bega la awali.