Umbali wa Sauti: Kuchagua Chombo cha Mazungumzo kwa Michezo ya Timu katika Kompyuta

Katika uwanja wa mpira wenye urefu wa meta 105, golikipa akimpigia kelele mwenzake aliye kwenye lango la pili, sauti yake huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kufika. Hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa meta 340 hivi kwa sekunde. Tukigawa 105 kwa 340 tunapata sekunde 0.309, yaani milisekunde 309. Beki anayeonywa "Mtu!" na mwenzake aliye meta kumi nyuma yake hulipata onyo hilo baada ya milisekunde 29 tu. Mpira ukiwa miguuni, tofauti ya onyo hizo mbili ni tofauti ya kutoa pasi na kunyang'anywa.

Makala haya yanautumia uwanja huo kama rula ya kupimia jambo ambalo vijana wengi wanalijua kwa mazoea bila kulijua kwa hesabu: sauti ya mwenzako katika mchezo wa kompyuta unaochezwa na timu kupitia intaneti. Michezo hiyo si mzaha tena. Katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou, China, mwaka 2023, washindi wake walivishwa medali kama wakimbiaji na waogeleaji. Katika mchezo kama Counter-Strike timu mbili za watu watano watano hupambana. Katika Dota 2 vilevile ni watano kwa watano. Wachezaji hao huweza kuwa katika miji mitano tofauti, na kiungo chao kikubwa ni sauti. Kwa hiyo swali la kuchagua programu ya mazungumzo ni swali la haki kabisa. Lakini wanafunzi wanaponiuliza, huniuliza ni ipi yenye sauti nzuri zaidi. Nadhani wanaanzia pasipo penyewe. Inafaa kuuliza kwanza ni ipi inayomleta mwenzako karibu zaidi.

Ukaribu kiasi gani unatosha? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba mtu anapomaliza kuuliza swali, mwenzake huanza kujibu baada ya milisekunde 200 hivi kwa wastani. Huo ndio mwendo wa asili wa mazungumzo ya binadamu. Sauti ikichelewa njiani kuliko hapo, kila mmoja hudhani mwenzake amenyamaza, wote wawili huanza kusema kwa pamoja, kisha wote wawili hunyamaza. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza kwamba katika simu sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni, na kwamba mitandao isipangwe kwa ucheleweshaji unaozidi 400. Kwa rula yetu, 150 ni meta 51, yaani karibu nusu ya uwanja. 400 ni meta 136, na hapo msemaji yuko nje ya uwanja kabisa, labda anauza karanga barabarani.

Safari ya neno moja

Tulifuate sasa neno moja, tuseme "Nyuma!", kutoka kinywa cha mchezaji aliye Dar es Salaam hadi sikio la mwenzake aliye Arusha.

Maikrofoni huligeuza neno kuwa umeme, na kompyuta huugeuza umeme kuwa tarakimu. Tarakimu hizo ni nyingi mno kutumwa zilivyo, kwa hiyo hubanwa na kanuni maalumu iitwayo kodeki. Kodeki inayotumika katika karibu programu zote za aina hii leo ni Opus, ambayo kanuni zake zilitangazwa rasmi mwaka 2012 na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bila malipo. Opus haibani sauti moja moja. Hukusanya kipande cha sauti, kwa kawaida cha milisekunde 20, na huchungulia mbele kidogo kabla ya kukibana. Kwa mpango huo wa kawaida ucheleweshaji ni milisekunde 26.5. Msomaji aone kwamba neno halijatoka hata chumbani, na tayari limekwisha "kutembea" meta tisa.

Kipande kilichobanwa hutiwa katika pakiti na kutumwa. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kama barua ya rejesta: kila pakiti hutiwa saini, na ikipotea hutumwa tena, na zilizo nyuma yake husubiri. Njia hiyo ni nzuri kwa fedha na nyaraka. Ya pili ni kama barua ya kawaida: hutumwa na kuachwa, ikipotea imepotea. Kwa sauti ya mchezo njia ya pili ndiyo bora, maana onyo linalofika baada ya adui kukupiga halina kazi tena. Opus imeundwa kwa kuzingatia hilo: pakiti moja ikipotea, hukisia sauti iliyokosekana kwa kuangalia iliyotangulia, na mara nyingi sikio halitambui.

Kisha pakiti husafiri katika mkongo. Mwanga katika nyuzi za kioo huenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba sauti haiendi moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Arusha, bali hupitia kwanza kwenye seva ya programu, popote ilipo, ndipo irudi. Seva ikiwa Johannesburg, umbali wa mstari ulionyooka ni kilometa 2,500 hivi, na kwenda na kurudi ni 5,000: mwanga unahitaji milisekunde 25. Seva ikiwa Frankfurt, Ujerumani, umbali ni kilometa 7,000 hivi, na kwenda na kurudi ni milisekunde 70. Hizo ni hesabu za chini kabisa. Mkongo hupinda kufuata bahari, na kila ruta njiani hula sehemu yake.

Walioishi pwani hii kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofunguliwa, watakumbuka hali ilivyokuwa. Mawasiliano yetu ya intaneti na nchi za nje yalitegemea zaidi setilaiti zilizo kilometa 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilometa 71,000, sawa na milisekunde 240 hata kwa mwendo wa mwanga angani. Wachezaji wawili wa jiji moja wanaozungumza kupitia seva ya Ulaya walikuwa wakipanda na kushuka mara mbili, karibu nusu sekunde. Ni kama golikipa amesimama meta 160 kutoka kwa beki wake.

Pakiti zikifika Arusha hazifiki kwa mpangilio. Moja huja mapema, nyingine husitasita njiani. Ili sauti isikatikekatike, programu huweka akiba ndogo ya pakiti kabla ya kuanza kuzitoa. Akiba ikiwa ndogo sauti hukwaruza; ikiwa kubwa sauti huwa laini lakini huchelewa. Tuseme akiba ni milisekunde 40, na mitambo ya sauti katika kompyuta mbili inakula 30 kwa jumla. Tukikadiria safari ya mtandao kupitia Johannesburg kuwa 50, jumla yote ni kama 147, yaani meta 50. Tukikadiria ya kupitia Frankfurt kuwa 120, jumla inakaribia 217, yaani meta 74.

Sasa mpe yule wa Arusha hedifoni za Bluetooth badala ya zenye waya. Chombo hicho peke yake huweza kuongeza milisekunde 100 au zaidi, na katika mfano wetu wa Johannesburg mwenzake anahamia umbali wa meta 84. Kwa maneno mengine, kuvaa hedifoni zisizo na waya kunaweza kudhuru kuliko kuihamisha seva kutoka Afrika Kusini hadi Ujerumani! Isitoshe, maikrofoni ya hedifoni hizo inapowashwa, mara nyingi sauti yote hushuka na kuwa ya simu ya zamani. Hedifoni za waya za bei ndogo huzishinda katika kazi hii, nami sioni sababu ya mchezaji wa mashindano kuvaa nyingine.

Programu zenyewe

Baada ya hesabu hizo, uchaguzi wa programu unakuwa mwepesi zaidi. TeamSpeak ya Ujerumani na Ventrilo zilitamba miaka ya 2000. Mumble ilianza mwaka 2005 kwa nia hasa ya kupunguza ucheleweshaji. Discord ilifunguliwa mwaka 2015 na imewavuta watu wengi sana kwa kuwa inaunganisha sauti, maandishi na picha mahali pamoja, wala haimtaki mtu kujua lolote kuhusu seva.

Urahisi huo una bei yake. Seva za Discord ni mali ya wenyewe, nawe huwezi kuweka yako. Hata hivyo msimamizi wa chaneli anaweza kuchagua eneo la seva, na Afrika Kusini imo katika orodha. Timu nyingi za kwetu haziligusi chaguo hilo. Ikiwa wachezaji wote wako Afrika Mashariki, kiongozi wa timu na alijaribu kabla ya kulalamikia kampuni ya simu.

Mumble ni ya namna nyingine. Programu yake ni huria, seva yake huendeshwa na yeyote, hata kwenye kompyuta kuukuu. Mchezaji anaweza mwenyewe kupunguza ukubwa wa akiba, na kufupisha kipande cha sauti kutoka milisekunde 20 hadi 10. Ikumbukwe pia kwamba seva ya sauti haina ulazima wa kuwa mahali ilipo seva ya mchezo. Timu iliyotawanyika kati ya Dar es Salaam na Arusha ikiweka Mumble kwenye seva iliyo nchini, na kampuni zao za intaneti zikabadilishana mawasiliano hapa hapa, safari ya mkongo hushuka hadi milisekunde chache, kwa kuwa miji hiyo haizidi kilometa 500 kati yake kwa mstari ulionyooka.

Kwa shule faida ni kubwa zaidi. Chumba chenye kompyuta kumi zilizounganishwa kwa waya kinaweza kuwa na seva ya Mumble bila intaneti hata kidogo. Mwalimu asiyependa bunduki anaweza kuwapa wanafunzi 0 A.D., mchezo huria wa mbinu za falme za kale, ambamo ufalme wa Kushi umo pia, na ukawa somo la historia kwa mlango wa nyuma.

Je, kufupisha kipande cha sauti kuna gharama? Ipo, na inafaa ifanyiwe hesabu darasani. Sauti ya biti 32,000 kwa sekunde iliyokatwa vipande vya milisekunde 20 hutoa pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 80 za sauti. Lakini kila pakiti lazima ibebe anwani na maelezo, kama bahasha. Tuseme baiti 40. Jumla ni baiti 6,000 kwa sekunde, au megabaiti 21.6 kwa saa moja ya kusema mfululizo. Tukikata vipande vya milisekunde 10, pakiti zinakuwa 100, kila moja na baiti 40 za sauti na 40 za bahasha: megabaiti 28.8 kwa saa. Nusu ya unacholipia ni bahasha. Anayenunua bando kwa shilingi chache chache na aamue mwenyewe kama milisekunde kumi, yaani meta tatu na nusu za uwanja, zina thamani hiyo.

Gharama hupungua sana mtu asiposema. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya jenereta, feni na jogoo wa jirani, naipendelea njia ya kubonyeza kitufe ndipo useme, kama askari na simu yake ya upepo. Programu za kuchuja kelele zimeendelea sana, lakini kitufe kilichoachwa hakichuji, hakipitishi kitu.

Kiswahili katika pakiti

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo havitalisema. Pakiti hupotea, na neno hufika likiwa na pengo. Ikiwa mtu amesema "adui wawili wanakuja" na neno la kwanza likapotea, anayesikia "...wawili wanakuja" bado anajua kwamba wajao ni wenye uhai, wala si vitu, maana vingekuwa viwili na vingekuja kwa "vinakuja". Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi huuona kama adhabu, unarudia habari ileile mara mbili au tatu ndani ya sentensi. Wahandisi wa mawasiliano hufanya vivyo hivyo kwa makusudi: Opus yenyewe inaweza kuweka ndani ya pakiti moja nakala hafifu ya pakiti iliyotangulia. Timu inayobuni maneno yake ya mkato na iache upatanisho ubaki. "Wawili nyuma" ni fupi na bado ina ulinzi. "Mbili nyuma" haisemi mbili za nini.

Shule yenye vifaa inaweza kuupima umbali wa sauti kwa jaribio hili. Waketi wanafunzi wawili katika chumba kimoja, wameunganishwa kwa programu mnayotaka kuichunguza. Wa kwanza apige kofi moja mbele ya maikrofoni yake. Simu ya mwalimu iwekwe karibu na hedifoni ya wa pili, irekodi kofi lenyewe kupitia hewani na kofi hilohilo litokalo katika hedifoni. Faili hiyo ifunguliwe kwa Audacity, programu isiyolipiwa, ambayo itaonyesha vilele viwili katika mchoro wa sauti. Pimeni sekunde zilizo kati ya vilele hivyo, zidisheni kwa 340, kisha jumlisheni meta zilizo kati ya mpiga kofi na simu, kwa kuwa kofi la kwanza nalo lilichukua muda kufika. Rudieni mara kumi, tafuteni wastani. Halafu badilisheni kitu kimoja tu, hedifoni au eneo la seva, na mpime upya.