Je, Wajua? Tezi Dume na Mambo Yake

Sogea, ndugu msomaji, nafasi ipo. Leo ni zamu ya tezi dume: inavyokaa, inavyobadilika kimyakimya, na lini mabadiliko hayo yanageuka saratani. Kina mama msinyanyuke, yenu yamo humu.

Kiungo chenyewe

Je, wajua kwamba tezi dume ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi tu, na ukubwa wake haupiti ndimu ndogo? Imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ndiyo maana ikinenepa kidogo, mzee wa nyumba anaizoea njia ya chooni usiku kucha.

Na ile PSA inayopimwa kwenye damu na kutisha watu hospitalini, unajua ni nini? Ni protini ya kawaida kabisa inayotengenezwa na tezi hiyo. Shahawa zikitoka huganda, na PSA ndiyo inayoziyeyusha ndani ya nusu saa hivi ili mbegu zipate kuogelea.

Haya, mama, hili lako. Wanawake nao wana vitezi vidogo kando ya mrija wa mkojo, vitezi vya Skene, na vinatoa PSA! Wapo wanasayansi wanaoviita tezi dume ya kike.

Mbwa je? Yeye ni mmoja wa wanyama wachache mno wanaopata saratani ya tezi dume wenyewe, bila kupandikizwa maabara. Hata yale mabadiliko yanayotangulia saratani, mbwa wazee wanayo. Ng'ombe na mbuzi? Kwao ni nadra sana.

Shika na hili. Mwaka 1960 madaktari wa Beijing waliwapima matowashi 26 waliowahi kutumikia jumba la wafalme wa China. Kwa 21 kati yao, tezi dume haikushikika kabisa! Walihasiwa zamani, na bila homoni za korodani tezi ilinywea ikaisha.

Ugonjwa wa kale, jina la juzi

Unadhani saratani hii ni ya siku hizi? Huko Arzhan, Siberia, wachimbaji walifukua kaburi la mfalme wa Waskithi aliyezikwa miaka 2,700 hivi iliyopita. Mifupa yake ilijaa alama za saratani ya tezi dume iliyosambaa, na mtu mwenyewe alikuwa wa makamo tu.

Hayuko peke yake. Mumia mmoja wa Misri, aliyehifadhiwa katika makumbusho ya Lisbon, alipigwa picha za mionzi na kukutwa na dalili zilezile. Alifariki miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Farao hakuwa na kliniki ya PSA!

Sasa cheka kidogo. Mwaka 1853 daktari wa upasuaji wa London, J. Adams, aliiona saratani hii kwa hadubini na kuandika kwamba ni ugonjwa nadra sana. Mwaka 2022 pekee, wanaume takriban milioni 1.47 duniani waliambiwa wanayo. Nadra gani hiyo?

Kabla ya saratani

Hapa ndipo penyewe, kaa vizuri. Je, wajua kwamba seli za tezi dume zinaweza kuharibika sura miaka mingi kabla ya kuwa saratani? Mabadiliko hayo madaktari huyaita PIN, na yana madaraja mawili: la chini na la juu.

PIN ya daraja la chini ikionekana, mtaalamu wa hadubini kwa kawaida haiandiki hata kwenye majibu. Haibashiri lolote. Ya daraja la juu ndiyo inayoandikwa.

Tofauti yake na saratani ni nini? Ukuta mmoja tu! Kila kitezi kina safu ya seli za nje zinazokizunguka. Kwenye PIN seli za ndani zimevurugika lakini safu ile bado ipo, hata ikiwa na matundu. Kwenye saratani, safu imetoweka.

Na usitafute dalili, hutaziona. PIN haiumi, haizuii mkojo, haishikiki kwa kidole cha daktari, wala yenyewe haipandishi PSA. Hugunduliwa pale mtu anapokatwa vinyama vya kupimwa kwa sababu nyingine.

Jina lenyewe ni changa kuliko wasomaji wengi wa ukurasa huu. John McNeal na David Bostwick waliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1986, na jina PIN likaja mwaka 1987. Binadamu alishatembea mwezini miaka 18 kabla!

Kijana, usijitoe kwenye mazungumzo. Watafiti wa Detroit, Marekani, walichunguza tezi dume za wanaume waliofariki kwa sababu nyingine, wakatoa majibu mwaka 1993. PIN ilikuwapo tayari kwa asilimia 9 ya wenye miaka ya ishirini!

Ngoja, halijaisha. Kwa waliofariki wakiwa na miaka kati ya 30 na 39, asilimia 27 walikuwa na vipande vidogo vya saratani yenyewe. Wenye miaka kati ya 40 na 49, asilimia 34. Hakuna aliyejua, wala haikuwasumbua.

Na wazee? Ukijumlisha tafiti za namna hiyo, waliopita miaka 79 wanaokutwa nayo ni kama 59 kati ya 100. Wengi hufa nayo, hawafi kwayo.

Sasa swali unalotaka kuuliza: nikiambiwa nina PIN ya daraja la juu, ndiyo saratani? Hapana! Wakirudiwa kukatwa vinyama, ni 20 hadi 30 kati ya 100 wanaokutwa na saratani. Waliobaki hawakutwi nayo.

Hesabu vinyama pia. Daktari kwa kawaida huchukua 12. PIN ikiwa kwenye kimoja tu, hatari haipandi sana kuliko ya mtu asiye nayo. Ikiwa kwenye viwili au zaidi, hapo ndipo ufuatiliaji unapokazwa.

Kuna jibu jingine la ajabu zaidi, linaitwa ASAP. Si ugonjwa hata kidogo: ni kundi dogo la vitezi lenye sura ya kutiliwa shaka, dogo mno kutolewa hukumu. Lakini shaka hiyo ina uzito, maana wakirudiwa kupimwa, kama 40 kati ya 100 hukutwa na saratani.

Na ule uvimbe wa uzee unaokatisha mkojo, je, ndio mwanzo wa saratani? Wala! Uvimbe huo huota katikati, kuzunguka mrija wa mkojo. Saratani, mara 70 kati ya 100, huanzia ukingoni, upande wa nyuma. Mzee mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, lakini kimoja hakizai kingine.

Damu na ukoo

Je, wajua kwamba baba au kaka akiwahi kuugua, hatari yako inakuwa kama mara mbili? Na kaka ana uzito kuliko baba. Piga simu nyumbani uulize.

Mapacha wa nchi za Skandinavia wametoboa siri. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kwamba asilimia 57 ya tofauti za hatari ya saratani hii hutokana na urithi. Ni miongoni mwa saratani zinazorithiwa zaidi!

Mama, usiondoke tena. Kinasaba cha BRCA2, kinachojulikana kwa saratani ya matiti, kikiharibika humwongezea mwanamume hatari ya saratani ya tezi dume. Kwa hiyo ugonjwa wa shangazi na mama mkubwa nao unamhusu kijana wa kiume.

Sasa tuje kwetu Waafrika. Uingereza, mwanamume 1 kati ya 8 hupata saratani hii maishani. Kwa weusi ni 1 kati ya 4! Marekani, weusi hufa nayo kwa kiwango kama mara mbili ya weupe.

Sehemu ya jibu imejificha kwenye kromosomu ya 8. Hapo kuna badiliko la kinasaba linaloongeza hatari na linaloonekana kwa watu wenye asili ya Afrika. Utafiti uliofanywa kwa wanaume wa Uganda na kutolewa mwaka 2018 ulilikuta huko pia.

Lakini damu si yote. Wajapani waliohamia Marekani walianza kuugua saratani hii kuliko ndugu zao waliobaki Japani. Ukoo uleule, sahani na maisha mapya!

Vipimo vina vituko

Wengi hukariri namba 4 kama mpaka wa PSA. Haya, sikia: utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulikuta saratani kwa asilimia 15 ya wanaume ambao PSA yao haikuvuka 4. Na wenye 4 hadi 10? Kama watatu kati ya wanne hawana saratani.

PSA hupandishwa na mengi: maambukizi ya mkojo, uvimbe wa uzee, hata tendo la ndoa la siku moja au mbili kabla ya kipimo. Basi ukienda kupimwa, jizuie kidogo, bwana. Siku mbili si nyingi.

Alama za Gleason, zinazopima ukali wa saratani, nazo zina mtego. Daktari Donald Gleason alizibuni mwaka 1966, na kwenye karatasi zinaanzia 2 hadi 10. Lakini siku hizi saratani ya chini kabisa kwenye vinyama hupewa 6! Mgonjwa anasikia sita kati ya kumi anaishiwa nguvu, kumbe ameshika mkia wa orodha. Mwaka 2014 wataalamu wakaamua kuongeza makundi mapya, 1 hadi 5.

Dawa, vidonge na kisu

Unameza vitamini E ukidhani unajikinga? Wanaume 35,533 wa Amerika Kaskazini walijaribiwa. Majibu ya mwaka 2011: waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume asilimia 17 zaidi! Seleniamu nayo haikukinga.

Wenye PIN ya daraja la juu nao walijaribiwa. Huko Kanada wanaume 303 walipewa mchanganyiko wa soya, vitamini E na seleniamu, au kidonge kitupu. Baada ya miaka 3, mchanganyiko haukuzuia chochote.

Ila kuna habari hii, usinicheke. Watafiti wa Harvard waliwafuatilia wanaume karibu 32,000. Waliotoa shahawa mara 21 au zaidi kwa mwezi walipata saratani hii pungufu kwa asilimia 20 hivi kuliko waliotoa mara 4 hadi 7. Mweleze mwenzako kwa upole.

Mwaka 1941 Charles Huggins, mzaliwa wa Kanada, alionyesha kwamba ukiondoa homoni za korodani, saratani iliyosambaa hunywea. Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1966. Naam, mwaka uleule wa Gleason!

Upasuaji wa kuondoa tezi yote kwa ajili ya saratani? Hugh Hampton Young aliufanya Baltimore mwaka 1904. Ikapita miaka 78 kabla Patrick Walsh, mjini humohumo, hajaonyesha namna ya kukata bila kuumiza mishipa ya nguvu za kiume.

Je, kila mwenye saratani ikatwe? Uingereza waliwagawa wanaume 1,643 ambao saratani yao haijatoka nje ya tezi: kisu, mionzi, au kufuatiliwa tu. Baada ya miaka 15, kama 97 kati ya 100 hawakuuawa nayo, katika makundi yote matatu!

Askofu Desmond Tutu aligunduliwa nayo mwaka 1997, akaishi hadi 2021, miaka 90 mkononi. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi akiwa na miaka 83, akafika 95. Lakini Mobutu Sese Seko ilimwondoa mwaka uleule wa 1997, akiwa na miaka 66. Jina la ugonjwa ni moja, mwendo ni tofauti kabisa.

Kazi ya nyumbani

Wanasayansi wanakadiria wagonjwa wapya watapanda kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040. Sababu kubwa? Watu wanaishi zaidi, na tezi hii hupenda wazee.

Chama cha Saratani cha Marekani hushauri mwanamume wa kawaida azungumze na daktari juu ya kupimwa akifika miaka 50. Mweusi, au mwenye baba au kaka aliyeugua kabla ya 65, aanze akiwa na 45. Mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua mapema, 40!

Haya, sema kweli: wewe uko kwenye namba ipi?