Haki za Majeruhi wa Barabarani

Njia za Mji wa Kale wa Mombasa zilifanywa kwa ajili ya miguu ya watu, punda na mikokoteni ya hamali. Na hata mwanzoni mwa karne ya 20, mwenye haraka ya kwenda Kilindini alipokuwa akipanda troli juu ya vyuma vya reli, mwendo wake haukuwazidi sana wale waliokuwa wakiisukuma kwa mikono. Leo Ndia Kuu na Kibokoni hupitwa na bodaboda na tuktuk ubavuni mwa baraza walizokalia wazee, na vichochoro huwamwaga watoto wa chuoni moja kwa moja barabarani. Na ukitoka hatua chache, kufika Digo Road penye Marikiti, au Makupa penye njia ya kwendea bara, utakuta matatu, malori ya bandarini na waendao kwa miguu wakishindania nafasi moja. Nchi nzima ya Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na wanaojeruhiwa vibaya ni wengi kuliko wanaozikwa.

Katika ajali nyingi za kisiwani Mombasa mambo huenda hivi. Bodaboda imemgonga mpita njia, watu wamekusanyika, aliyegongwa ameinuliwa, amepanguswa vumbi, amepewa maji, akaulizwa, "Hujambo?" Naye, kwa haya ya kutazamwa na umati na kwa shukrani ya kuwa angali hai, amejibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Dereva ametia mkono mfukoni, mzee mmoja amesema, "Yamalizeni, wanangu, ni kadari," na watu wameachana. Neno langu katika makala haya ni kwamba "sijambo" ile ni ushahidi uliotolewa kabla ya wakati wake, kwa kuwa mwili uliopigwa aghalabu hausemi yote siku ile ile. Na mwenye kuutegemea ushahidi huo huenda akapoteza siha yake na haki yake kwa pamoja.

Tuanze na kichwa. Ubongo waweza kutikisika ukadhurika bila ya tone la damu kuonekana wala fuu la kichwa kupasuka. Na la kuhofiwa zaidi ni damu ivujayo ndani ya fuu taratibu: majeruhi huzimia kidogo, akazindukana, akaongea na jamaa zake vizuri, na baada ya saa kadhaa damu iliyokusanyika ikaubana ubongo, naye akalala usingizi asioamka tena. Kwa sababu hiyo aliyepigwa kichwa, akianza kutapika, kuumwa na kichwa kinachozidi, kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, apelekwe kwa tabibu saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Ama shingo, gari ligongwapo kwa nyuma, kiti humsukuma mtu kiwiliwili mbele na kichwa kikachelewa, kisha kikarushwa kwa nguvu, na mishipa na kano za shingo zikavutika. Maumivu yake mara nyingi huanza kesho yake, pamoja na kukakamaa kwa shingo na kizunguzungu. Desturi yetu ya Pwani ni kumwita mkandaji na mafuta yake, na mkono wake una baraka kwa mwili uliochoka. Lakini shingo, mgongo au nyonga iliyopata ajali haifai kuguswa na mkandaji mpaka tabibu ameipima. Vivyo hivyo kwa majeruhi asiyehisi miguu yake au anayelalamika ganzi: kumbeba msobemsobe na kumkunja ndani ya tuktuk kwaweza kumaliza kazi ambayo ajali iliianza. Maadamu hapana moto wala hatari ya kugongwa tena, na aachwe alipo, kichwa na shingo vishikwe visitikisike, na gari la wagonjwa liitwe kwa namba 999 au 112.

Kifua na tumbo navyo vina siri zao. Ubavu uliovunjika huweza kutoboa pafu, na pigo la usukani huweza kupasua wengu au ini, damu ikajaa tumboni huku ngozi ya nje ni safi. Dalili zake ni tumbo kuwa gumu na lenye maumivu, jasho la baridi, kiu, weupe wa midomo na mapigo ya moyo kwenda mbio. Hapo ndipo tuone kwamba yale maji yanayotolewa kwa huruma ni makosa, kwani majeruhi huenda akahitaji kupasuliwa, na tumbo lenye kitu ndani yake humtia hatarini anapotiwa dawa ya usingizi.

Ama mifupa, wapandao pikipiki ndio huumia zaidi muundi na paja. Na fupa la paja likivunjika, damu inayoweza kuvuja ndani ya nyama hupita lita 1, hali mtu mzima ana kadiri ya lita 5 tu. Abiria wengi huongeza juu ya hayo kuunguzwa na bomba la moshi, na kila kidonda kilichoingia mchanga wa barabarani kinataka kuoshwa vizuri na sindano ya kinga ya pepopunda. Wala tusisahau majeraha ya nafsi, yaani hofu, ndoto mbaya na kukosa usingizi, nayo pia aelezwe tabibu bila ya haya.

Hayo ni ya siha; sasa tuje kwenye haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Basi pawe ni Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara, au pawe ni hospitali ya binafsi, umaskini si sababu ya kumwacha majeruhi mlangoni. Akishatibiwa, atunze kila cheti na kila risiti, kwa kuwa karatasi hizo ndizo zitakazomsemea mbele ya hakimu.

Sheria ya usalama barabarani yamlazimu dereva aliyehusika na ajali kusimama na kutoa jina na anwani yake. Asipofanya hivyo, aripoti polisi ndani ya saa 24. Majeruhi naye, au jamaa yake, aende kituoni tukio liandikwe katika daftari la matukio (OB), apewe namba yake, kisha achukue abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuthibitisha ajali, na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Namba ya gari, majina ya mashahidi na picha za mahali pale zikusanywe mapema, kabla mvua na usahaulifu havijazifuta.

Bima ya kumkinga mtu wa tatu ni faradhi kwa kila chombo cha moto kipitacho barabarani, bodaboda ikiwa miongoni mwavyo, na kwa bima hiyo mdai mmoja aweza kulipwa hadi shilingi milioni 3. Mahakama huangalia kwanza taksiri ilikuwa ya nani, na ikiwa majeruhi naye alikosea, fidia yake hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Huangalia pili maumivu na kilema alichokipata. Na gharama alizotumia hazirudishwi ila kwa ithibati. Muda wa kufungua daawa ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na ukiidai Serikali ni miezi 12 tu. Mtu akifariki, mume au mke, wazazi na watoto wake wana haki ya kudai.

Katika kumtafuta wakili, jihadharini na dalali anayemfuata mgonjwa kitandani na karatasi ya kutiwa sahihi, kwani sheria imekataza mawakili kuwinda wateja, na imebatilisha mapatano ya kulipwa kwa sharti la kushinda. Asiye na uwezo aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kadari ni haki na muumini haikanushi. Lakini Mtume alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Kumpima majeruhi na kuandikisha ajali yake ndiko kumfunga ngamia huyo. Basi, ndugu msomaji, siku utakapokuwa miongoni mwa umati uliomzunguka aliyegongwa, usiwe wa kusema "yamalizeni". Mwambie akubali kupimwa leo, ufuatane naye mpaka hospitali, na kesho asubuhi ufuatane naye mpaka kituoni.