Farasi wa Mto, Binamu wa Nyangumi

Ukiwa Mutanga Sud, kwenye mwinuko unaotazama Ziwa Tanganyika, huwezi kujua nani anatembea kule chini giza likiingia. Ni viboko. Hutoka majini kula nyasi za ufukweni, na mara nyingine hufika hadi barabara za Bujumbura.

Warundi humwita imvubu. Wagiriki wa kale walimwita farasi wa mto, na mwanahistoria wao Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, akamwongezea manyoya ya shingoni na sauti ya farasi. Sidhani kama alimkaribia: ngozi ya kiboko ni karibu tupu.

Huko kwenye barafu ya kaskazini, walarasi, mnyama wa baharini mwenye meno marefu, naye alipewa ufarasi. Wanorwe wa kale walimwita farasi-nyangumi. Waholanzi wakapindua maneno hayo mawili wakapata walrus, jina lililoingia Kiingereza. Kifaransa kinachosomeshwa Bujumbura kilinusurika: morse limetokana na lugha za Wasami na Wafini. Jina la kisayansi, Odobenus, maana yake ni atembeaye kwa meno, kwa kuwa mnyama huyo hukita meno yake kwenye barafu ili ajivute juu. Meno ya dume huweza kufikia mita 1.

Basi hapo ndipo kichekesho kilipo. Walarasi si farasi wala nyangumi. Ni jamaa ya sili, na kwa mbali ya dubu na mbwa. Mwenye damu ya nyangumi ni kiboko wetu. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika wanyama wote walio hai, hakuna aliye karibu na nyangumi kumshinda yeye. Koo zao zilitengana miaka milioni 55 hivi iliyopita. Ndama wa kiboko hunyonya akiwa chini ya maji, pua na masikio yamezibwa. Kuogelea, hata hivyo, hajui sana: hutembea kwenye sakafu ya ziwa.

Kiswahili kiliacha farasi kando. Kiboko ni mnyama, na ni mjeledi uliokatwa kwenye ngozi yake. Wazee wa enzi ya Wajerumani, iliyokoma Burundi mwaka 1916, waliujua kwa migongo yao.

Ukimkuta ufukweni usiku, usisimame kati yake na maji. Akishtuka hukimbilia ziwani moja kwa moja, na uzito wake huweza kupita kilo 1,500.